Samadi Inapoleta Shida: Fuata Dalili Kutoka Shambani Hadi Bandani

Samadi huharibikia bandani, lakini hasara yake huonekana mbali na banda: kwenye majani ya nyanya, kwenye moto wa bayogesi unaorukaruka, kwenye maji ya kisima. Ndiyo maana mfugaji anaweza kubadilisha jiko mara mbili ilhali kosa liko kwenye sabuni ya kuoshea banda, au akalaumu mbegu ilhali mbolea yake ilinyeshewa msimu mzima. Mwongozo huu unaanzia pale dalili inapoonekana, kisha unarudi nyuma: shamba, lundo, mtambo wa gesi, shimo la tope la samadi, banda. Ukikuta tatizo mahali, usilitibu hapo kabla hujaangalia hatua iliyotangulia.

Vifaa vya kuwa navyo ni vichache: ndoo ya lita 20, mizani ya kuning'iniza, kipimajoto chenye fimbo ya nusu mita au zaidi, karatasi za kupimia pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi), maji ya sabuni na glavu. Asiye na kipimajoto atumie nondo. Ichomeke hadi katikati ya lundo, iache dakika 10, ichomoe na uishike sehemu iliyokuwa ndani. Ukiweza kuishikilia bila taabu, lundo halijafikia joto linalotakiwa.

Miche inaungua au mbegu hazioti

Kingo za majani zinakauka na kuwa za kahawia siku chache baada ya kuweka mbolea, na ukichimbua mche unakuta ncha za mizizi zimekuwa nyeusi. Hiyo ni amonia pamoja na chumvi. Mshukiwa wa kwanza ni mavi ya kuku yaliyotumika yakiwa mabichi, kwa sababu yana nitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe na hutoa amonia haraka yakilowa. Vuta mbolea iwe mbali na shina kwa sentimita 15 au zaidi, kisha mwagilia maji mengi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Mche uliokwisha kunyauka shina hauponi. Ng'oa, subiri wiki tatu au nne, panda upya.

Kabla ya kutumia mbolea nyingine kutoka lundo lile lile, ipime. Jaza kiasi cha kilo moja kwenye mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu wa kawaida, toa hewa, funga, iache kivulini siku tatu. Fungua na unuse papo hapo. Iliyoiva hunukia kama udongo uliopata mvua. Ikikupiga puani kwa amonia au uchachu, bado. Baada ya hapo otesha mbegu 10 za kitu kinachoota upesi kwenye mbolea hiyo iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na mbegu 10 nyingine kwenye udongo mtupu. Zikiota 9 upande wa udongo na 5 upande wa mbolea, umepata jibu.

Samadi mbichi ina hatari nyingine isiyoonekana kwenye jani: bakteria wa salmonela na E. koli wanaoharisha watu, na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingizwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao ambayo sehemu inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mengine. Ni kipimo kizuri kufuatwa popote, hasa kwa karoti, saladi na chochote kinachoenda mdomoni bila kupikwa.

Mazao yamekuwa ya njano ingawa umeweka samadi nyingi

Angalia samadi yenyewe. Ukiona maranda au mabua ambayo bado yana umbo lake, chanzo ni kaboni iliyozidi. Bakteria wanaoozesha maranda wanahitaji nitrojeni ili waishi, na wasipoipata ndani ya samadi huichukua kwenye udongo, mbele ya mizizi ya mazao yako. Njano huanzia kwenye majani ya chini na kupanda juu. Hakuna kilichopotea, nitrojeni hiyo itarudi wakishamaliza kazi, ila zao la msimu huu halitasubiri. Liokoe kwa mkojo wa mifugo uliozimuliwa, sehemu moja ya mkojo kwa tatu hadi tano za maji. Mimina kwenye udongo wenye unyevu, kiasi cha sentimita 10 kutoka kwenye shina, jua likiwa limepungua. Usimwagie majani.

Kama samadi imeoza vizuri na mazao bado hayashtuki, uliza ilikaa juu ya udongo kwa muda gani kabla ya kufukiwa. Sehemu ya nitrojeni iliyo katika umbo la amonia hupaa hewani ndani ya saa chache, na hupaa haraka zaidi kukiwa na jua na upepo. Samadi iliyomwagwa asubuhi ifukiwe siku hiyo hiyo, si kesho. Pima pia kiasi ulichoweka, maana wengi hukadiria kwa macho. Tani 10 kwa hekta ni sawa na kilo 1 kwa mita moja ya mraba. Toroli yenye kilo 50 itandazwe kwenye mita 50 za mraba. Kwa mavi ya kuku, theluthi ya kiasi hicho inatosha.

Majani yanajikunja kama vikombe

Dalili hii huwachanganya watu kwa sababu inafanana na virusi. Majani machanga ya maharage, nyanya au viazi hujikunja kingo, hunyooka kama vidole, shina hupinda. Mahindi na nyasi zilizo pembeni hazina shida yoyote. Tofauti hiyo ndiyo ishara kubwa: ni masalia ya dawa ya magugu ya kundi la aminopyralid au clopyralid. Dawa hizi hupulizwa kwenye malisho kuua magugu ya majani mapana. Ng'ombe au farasi akila nyasi hizo, dawa hupita tumboni bila kuvunjika na kutoka kwenye kinyesi. Kuoza kwenye lundo nako hakuimalizi haraka.

Samadi hiyo usiitie bustanini tena. Itumie kwenye mahindi au nyasi za malisho ndani ya shamba lako, na usimpe wala kumuuzia jirani bila kumwambia. Samadi na nyasi za kununua zipimwe mapema: changanya samadi na udongo safi nusu kwa nusu kwenye vyungu vitatu, jaza vingine vitatu udongo mtupu, panda maharage matatu kila chungu. Weka kila chungu kwenye sahani yake, maji ya kimoja yasiingie kwenye kingine. Subiri hadi majani halisi yatoke seti mbili au tatu, kiasi cha wiki tatu, ndipo uamue.

Magugu mengi kuliko mwaka jana

Mbegu za magugu zilipita tumboni mwa mnyama, au ziliangukia lundo, na lundo halikupata joto. Nenda kwenye lundo.

Lundo halipati joto

Lundo zuri hufika nyuzijoto 55 ndani ya siku mbili hadi nne. Siku saba zikipita na bado liko chini ya 40, kuna kitu kimekosekana, na mara nyingi ni kimoja tu. Anza na maji, kwa kipimo cha mkono.

Vaa glavu, chimba hadi kina cha sentimita 40, chukua konzi moja. Usichukue ya juu. Ya juu hudanganya, jua limeikausha au mvua imeilowesha. Ikamue kwa nguvu zako zote. Maji yakichuruzika kati ya vidole, imelowa mno, hewa haipiti. Yakitoka matone mawili au matatu, na ukifungua mkono donge likabaki na umbo lake, hapo ndipo panapotakiwa, yaani unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Donge likisambaratika na kiganja kikabaki kikavu, bakteria wamelala kwa kiu. Kukosea hapa kunaharibu mengine yote, kwa hiyo pima sehemu tatu za lundo, si moja.

Kama ni kavu, usimwage maji juu. Yatapita kwenye mianya na kutokea chini huku katikati pakibaki pakavu. Geuza lundo na unyunyize kila tabaka unapolipanga upya. Kama limelowa, geuza ukichanganya mabua makavu yaliyokatwa urefu wa sentimita 5 hadi 10. Maranda laini ya mbao hunyonya maji vizuri lakini hushikamana na kuziba hewa. Yatumie pamoja na kitu chenye vijiti.

Unyevu ukiwa sawa, angalia ukubwa. Lundo lililo chini ya mita moja kila upande hupoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha. Upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, urefu wowote, ni umbo linalofanya kazi kwa mtu anayegeuza kwa mkono.

Kisha mchanganyiko. Uwiano unaotafutwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Mavi ya ng'ombe peke yake yako karibu na 20, ya kuku wasio na matandiko karibu na 10, mabua ya mahindi karibu na 60, maranda ni mamia. Huhitaji maabara: ndoo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe kwa ndoo mbili hadi tatu za mabua makavu yaliyokatwa. Mavi ya kuku yapewe mabua zaidi kidogo. Lundo lenye maranda mengi lisilopata joto hata likiwa na unyevu sahihi linadai nitrojeni, na mkojo ndiyo dawa yake ya karibu zaidi.

Kuna sababu ya mwisho ambayo haitibiki: samadi iliyokaa zizini miezi mingi, imekanyagwa, imeoza kimya kimya. Hiyo imemaliza chakula chake na haitapata joto tena. Mbegu za magugu humo ni nzima, kwa hiyo ichanganye angalau nusu kwa nusu na samadi mpya kisha uanze upya.

Joto lilipanda, likashuka siku ya tano

Si kosa. Hewa imekwisha. Geuza, ya nje iingie ndani, nalo litapanda tena ndani ya siku moja au mbili. Ili vimelea na mbegu za magugu vife, lundo la wazi likae juu ya nyuzi 55 kwa jumla ya siku 15 na ligeuzwe mara tano katika kipindi hicho. Kugeuza kote huko kuna sababu: ngozi ya nje ya lundo haifiki joto hilo kamwe, na funza, mayai ya minyoo na mbegu vyote hujificha humo. Likigeuzwa na lisipande tena ingawa unyevu uko sawa, limeingia hatua ya kuiva. Liache wiki nne hadi nane bila kuligusa.

Tabaka jeupe kama majivu ndani ya lundo, au moshi

Tabaka la kijivu-jeupe sentimita chache chini ya uso linaonyesha kwamba lundo limekauka huku likiwa na joto kali. Juu ya nyuzi 70 bakteria wanaofanya kazi huanza kufa wenyewe. Geuza na uongeze maji. Malundo marefu ya mavi ya kuku au ya farasi yenye sehemu kavu yanaweza kuwaka yenyewe, kwa hiyo usizidishe kimo cha mita 2 na usiyapange kwenye ukuta wa banda. Ukiona moshi, usilifumue lundo ghafla: hewa ikiingia, moto unalipuka. Kwanza maji yawe tayari, watu wawili au zaidi wawepo, kisha fungua kidogo kidogo kutoka upande ambao upepo unatokea.

Lundo linatoa maji ya kahawia

Rangi hiyo ya chai ni potasiamu na nitrojeni vinavyoondoka shambani mwako. Mvua ikipiga lundo lisilo na paa, kinachobaki ni makapi yenye jina la mbolea. Ezeka, au funika kwa turubai likizidi ukubwa wa lundo pande zote. Chimba mfereji upande wa juu wa mteremko ili maji ya mvua yapite mbali. Sakafu iwe ya zege au mfinyanzi ulioshindiliwa, ikiinama kuelekea kishimo cha kukingia. Maji yaliyokingwa yarudishwe juu ya lundo kavu.

Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka hapo, tena upande wa juu. Nitrojeni ya samadi hufika kisimani ikiwa nitrati, na nitrati kwenye maji ya kunywa haina rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, kwa sababu ya watoto wachanga wanaopewa maziwa ya unga: nitrati huzuia damu yao kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua, nitrati inabaki, na matokeo yake maji huwa makali zaidi. Kisima kilicho karibu na lundo kipimwe maabara, na wakati wa kusubiri majibu mtoto apewe maji ya chanzo kingine.

Bayogesi haitoki, imepungua, au haiwaki vizuri

Mtambo mpya huhitaji wiki mbili hadi nne kabla ya gesi kuwaka. Gesi ya mwanzo ni kaboni dayoksaidi kwa sehemu kubwa, na hata ikijaa kwenye bomba haitashika moto, iachilie nje. Majaribio ya kuwasha yafanyike jikoni kwenye jiko tu, kamwe si kwenye koki iliyo juu ya mtambo, kwa sababu ndani bado kuna hewa na moto unaweza kurudi kwenye kuba, yaani paa la mtambo linalokusanya gesi. Ukipata tope kutoka mtambo unaofanya kazi, kiasi cha sehemu moja kwa kumi ya ujazo, mwanzo huwa mfupi.

Mtambo uliokuwa ukifanya kazi na sasa umepungua uchunguzwe kwa mizani kwanza. Kilo moja ya mavi mabichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi. Jiko la nyumbani lenye kichomeo kimoja hula lita 200 hadi 450 kwa saa. Kilo 30 kwa siku ni kama saa tatu za kupika. Pima unacholisha kwa siku saba, na mara nyingi utakuta ni nusu ya kile ulichoamini, hasa kama ng'ombe wameanza kwenda malishoni mchana na kuacha mavi huko.

Maji yawe ndoo kwa ndoo na mavi. Yakizidi, tope hutengana: mchanga unazama, majani yanaelea na kuganda kama kifuniko juu, gesi inakosa njia. Mikono ndiyo mashine bora ya kuchanganya hapa. Madonge yapondwe, majani na mawe yatolewe kabla kizibo cha tangi la kuchanganyia hakijafunguliwa.

Kiasi kikiwa sawa, angalia nini kingine kimeingia. Dawa za kuua vijidudu, sabuni na dawa za kuogeshea mifugo huua bakteria wa mtamboni, nazo huingia kwa njia moja tu: maji ya kuoshea banda. Uwe na mfereji unaoweza kuelekezwa pembeni siku ya usafi. Mavi ya ng'ombe aliyetibiwa kwa antibiotiki yaende kwenye lundo hadi siku za kutotumia maziwa yake ziishe.

Tope linalotoka likinuka uchachu, na pH ikiwa chini ya 6.5, mtambo umevimbiwa. Umelishwa kingi kwa mara moja, au mabaki ya jikoni yamezidi. Bakteria wanaotengeneza asidi ni wepesi, wanaotengeneza methani, yaani gesi yenyewe inayowaka, ni wazito. Ukilisha kwa pupa, wa kwanza huwazidi wa pili. Acha kulisha wiki moja hadi mbili, koroga chokaa kidogo kwenye maji na uitie kidogo kidogo ukipima hadi ifike karibu na 7, kisha rudi na robo ya kiasi cha kawaida. Wakati wa baridi kupungua ni kawaida: chini ya nyuzi 15 gesi karibu inasimama. Changanya mavi saa za mchana kwa maji yaliyopashwa jua, na udongo juu ya kuba uwe wa kutosha.

Kuvuja hutafutwa usiku. Funga koki kuu juu ya kuba na koki ya jiko, andika kimo cha maji kwenye geji ya jikoni, kipimo cha mgandamizo wa gesi. Asubuhi kikiwa kimeshuka, bomba linavuja. Paka maji ya sabuni kila kiungo na uangalie mapovu. Kikiwa vile vile lakini gesi haikusanyiki, tatizo liko kwenye kuba au shingo yake. Ifunike shingo kwa maji, mapovu yatakuonyesha ufa.

Moto wenyewe unaongea. Unaorukaruka na kuzimika una maji ndani ya bomba: bomba linapaswa kuinama kuelekea mtego wa maji, na mtego umwagwe kila wiki. Wa njano na wenye masizi hauna hewa ya kutosha, au tundu limeziba. Unaoinuka kutoka kwenye jiko una hewa au mgandamizo uliozidi. Moto mzuri ni wa bluu, una sauti ya chini, umekaa kwenye matundu. Harufu ya mayai viza na jiko linaloliwa na kutu ni hidrojeni salfaidi. Weka chujio la bomba lililojazwa vipande vya chuma chenye kutu, na uvibadilishe vikiwa vyeusi. Vilivyotolewa hupata joto vikikutana na hewa, kwa hiyo viweke juu ya udongo mtupu, mbali na nyasi.

Shimo la tope limeganda juu

Tabaka gumu juu ya shimo hupunguza harufu, na kama pampu haizibi, liache. Linapolazimika kukorogwa ndipo watu hufa.

Tope lililokaa huhifadhi hidrojeni salfaidi na kuiachilia yote kwa pamoja likikorogwa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na ikizidi sana inaua uwezo wa pua kunusa. Ukiona harufu ya mayai viza "imekwisha" ghafla, usidhani hatari imepita. Toa mifugo bandani, fungua pande zote, koroga siku yenye upepo, simama upande ambao upepo unatokea, na nusu saa ya mwanzo mtu asikaribie. Hakuna anayeingia shimoni kwa sababu yoyote, hata likiwa limemwagwa, hata kufuata ndoo. Mtu akianguka humo, anayemfuata bila kifaa cha kupumulia huanguka juu yake. Vifo vya watu wawili na watatu wa familia moja vimetokea hivyo. Ita waokoaji wenye vifaa, puliza hewa safi shimoni ukiweza, mrushie kamba kama bado ana fahamu. Inauma kusimama pale juu, lakini usishuke.

Inzi hawaishi

Yai la inzi hufika kuwa inzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10 kukiwa na joto. Ukizoa kila wiki mbili, unamfugia kizazi kizima. Zoa mara mbili kwa wiki. Kisha watafute funza kwa kijiti: katikati ya lundo lenye joto hawapo, wako kwenye kingo zake, chini ya vyombo vya maji, kwenye chakula kilichomwagika na kulowa, na ndani ya mfereji. Ya kingoni yaingizwe katikati, joto litawaua. Funika lundo kwa turubai au tabaka la sentimita 10 la mabua makavu. Usipulize dawa juu ya samadi: inaua pia mbawakawa na utitiri wanaokula mayai ya inzi, na inzi hurudi kabla yao.

Banda linawasha macho

Kinyesi kina kimeng'enya kinachovunja urea ya mkojo kuwa amonia, na kazi hiyo huanza mara tu vinapokutana. Karibu nusu ya nitrojeni anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu. Unachonusa ni mbolea yako inapaa.

Kosa linalorudiwa sana ni kumwaga chokaa au majivu kwenye sakafu iliyolowa ili kuua harufu. Vyote viwili hupandisha pH, na pH ikipanda amonia hutoka kwa wingi zaidi. Harufu hupungua baadaye kwa sababu nitrojeni imekwisha kuondoka.

Kwa kuku, pua yako huzoea. Ingia asubuhi kabla ya kufungua mapazia na uchuchumae hadi usawa wa kichwa cha kuku, kwa dakika moja. Macho yakiwasha, umekwisha kupita sehemu 25 kwa milioni, kiwango kinachoanza kuumiza njia ya hewa ya kuku. Inua vyombo vya maji viwe usawa wa mgongo wa ndege, ziba kinachovuja. Ganda lililoshikamana litolewe nje; ukiligeuza na kulifukia, unafukia unyevu. Ongeza matandiko makavu hadi sentimita 5 au 10, fungua hewa ya juu. Matandiko hayo yakishatolewa, usiwape ng'ombe kama chakula: mzoga mmoja wa kuku ndani yake unatosha kuleta botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha mnyama. Kondoo wana hatari ya pili, shaba iliyo kwenye chakula cha kuku huwadhuru.

Kwa ng'ombe, dawa ni mkojo kuondoka haraka. Sakafu iiname sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji unaomwaga kwenye tangi lenye kifuniko. Ipime hivi: safisha sakafu, mwaga ndoo moja ya lita 20 upande wa juu, subiri dakika tano. Kila dimbwi lililobaki, hata la ukubwa wa sahani, lizungushie chaki. Sakafu ikikauka, chora ndani ya kila duara mistari kwa patasi ili saruji ishike, jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, usawazishe kwa ubao ukiacha uso wenye mikwaruzo ng'ombe asiteleze, na ulinyunyizie maji siku saba kabla ya mnyama kukanyaga. Mwaga ndoo nyingine.